Sukari ya Maziwa: Historia ya Kukitambua Kijidudu kwa Mlo Wake

Karatasi ile niliipokea kwa simu, ikiwa picha iliyopigwa upesi juu ya meza yenye kitambaa cha plastiki. Binamu yangu aliituma kutoka Tanga siku mbili baada ya kumzika mama yake, ambaye kwangu alikuwa shangazi, dada wa baba, aliyenilea tangu nikiwa na umri wa miaka sita. Chini ya picha aliandika maneno manne tu: "Kaka, hebu tusomee hii." Nyumbani huamini kwamba aliyevuka bahari hawezi kushindwa na karatasi yoyote iliyoandikwa kwa Kiingereza.

Yalikuwa majibu ya damu iliyochukuliwa usiku aliolazwa katika hospitali kubwa, usiku ambao ulikuwa wake wa mwisho. Nikiwa kituoni Uingereza nikingojea basi, niliyasoma mara tatu. Sehemu kubwa ya karatasi ilikuwa orodha ya dawa, na kando ya kila dawa herufi moja ya kuonyesha kama ingemfaa au isingemfaa. Juu ya orodha hiyo palikuwa na mstari mmoja ulionasa akilini mwangu na haujatoka hadi leo. Ulisema kwamba kijidudu kilichoota katika damu ya shangazi kilikuwa na umbo la kijiti, na kwamba kilichachua sukari ya maziwa.

Sukari ya maziwa ina nini na kifo cha shangazi yangu?

Kwa siku tano kabla ya hapo alikuwa akitibiwa homa ya matumbo, taifodi kama tunavyoiita sote, kwa sababu ya kipimo cha damu kilichotoa jibu kwa dakika chache katika zahanati ya mtaani. Nilikuja kujua baadaye kwamba kijidudu cha taifodi hakichachui sukari ya maziwa. Kwa anayejua kuusoma, mstari ule mmoja ulikuwa ukisema kwamba mgeni aliyeingia mwilini mwa shangazi hakuwa yule aliyeshukiwa. Mimi sikujua kuusoma. Riziki yangu hutoka katika kufundisha, si katika tiba. Makala haya yametokana na mwaka mzima wa kujifunza kuusoma mstari huo, na nimegundua kwamba nyuma yake ipo historia ya zaidi ya miaka 150, inayoanzia kwenye mapipa ya pombe na ambayo bado haijafika mwisho.

Mwaka 1856, katika mji wa Lille kaskazini mwa Ufaransa, mwenye kiwanda mmoja aliyetengeneza pombe kutokana na viazisukari alimwendea mkemia kijana, Louis Pasteur, akamlalamikia kwamba baadhi ya mapipa yake yanachacha na kuharibika. Pasteur alichukua matone kutoka katika mapipa, akayatazama kwa hadubini. Katika yale mazuri aliona chembe za mviringo za hamira. Katika yale yaliyoharibika aliona vijiti vidogo mno. Mwaka uliofuata, 1857, aliitolea taarifa jumuiya ya wanasayansi wa mji huo kuhusu uchachu unaozalisha asidi ya maziwa, ile ile inayoyafanya maziwa yagande na kuwa makali ulimini. Uchachu huo, alisema, una mtendaji wake aliye hai, kama ambavyo uchachu wa pombe una wake.

Mtu wa pwani hastaajabishwi sana na habari hii. Mgema anajua kwamba tembo lililogemwa alfajiri ni tamu, kwamba jioni hulewesha, na kwamba likiachwa siku kadhaa huwa siki. Mama anayegandisha maziwa hubakiza kidogo ya jana ili yaanzishe ya leo. Walichokosa hawa ni hadubini tu, wala si maarifa ya kwamba ndani ya kibuyu kuna kitu kinachofanya kazi. Jipya la Pasteur lilikuwa kutambua kwamba watendaji hao hawafanani, na kwamba kila mmoja hujulikana kwa chakula anachokichagua na kwa mabaki anayoyaacha. Huyu hula sukari akaacha pombe, yule hula sukari hiyo hiyo akaacha asidi. Shughuli hiyo nzima ya kuvunjavunja chakula, kujijenga kwacho na kutoa taka ndiyo wanasayansi wanayoiita umetaboli.

Lakini hakuna anayeweza kumhoji mgeni mmoja katikati ya umati. Damu, mkojo au maji ya kisima huweza kuwa na aina nyingi za vijidudu kwa pamoja, na ili kujua tabia ya mmoja ni lazima atengwe na wenzake. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi kubwa ya Robert Koch na wasaidizi wake mjini Berlin. Wataalamu wetu wa maabara huiita kazi hiyo kuotesha, neno lililotoka shambani, na naliona limekaa mahali pake hasa. Kijidudu kimoja kisichoonekana hupandwa juu ya chakula, hupewa joto, na baada ya usiku mmoja huwa kimezaa kizazi kizima kinachoonekana kwa macho kama kitone, kila kitone kikiwa ukoo mmoja usiochanganyika.

Tatizo lilikuwa shamba lenyewe. Koch alianza na vipande vya viazi, kisha akatumia jelatini, lakini jelatini huyeyuka katika joto la mwili wa binadamu, na vijidudu vingine huila. Suluhisho lilitoka jikoni. Mwaka 1881 Fanny Hesse, mke na msaidizi wa daktari aliyekuwa akifanya utafiti katika maabara ya Koch, alipendekeza agari, ute wa mwani aliouzoea katika kugandisha vitamutamu vyake wakati wa joto. Alikuwa amejifunza jambo hilo kwa jirani aliyewahi kuishi Java. Mwani huo si ule ulimwao Paje na Jambiani, kwani ule wa Unguja hutoa karagini, ambayo ni ndugu wa agari. Agari haiyeyuki katika joto la mwili, na ni vijidudu vichache mno vinavyoweza kuila. Mwaka 1887 Richard Petri, msaidizi mwingine wa Koch, akaongeza kisahani chenye mfuniko ambacho hadi leo kinaitwa kwa jina lake. Shamba likawa tayari.

Hapo ndipo macho yalipoanza kushindwa. Mwaka 1884 Hans Christian Gram, Mdenishi aliyekuwa akifanya kazi Berlin, alichapisha njia ya kuvipaka vijidudu rangi, ambayo baadaye iliwawezesha wataalamu kuvigawa katika makundi mawili makubwa: vile vinavyoshika rangi ya zambarau na vile visivyoishika. Mgawanyo huo unatumika mpaka leo katika kila maabara ya bakteria duniani. Hata hivyo, kumjua mtu kwamba ni wa bara au wa visiwani si kumjua jina lake. Mwaka 1885, katika mji wa Munich, daktari wa watoto Theodor Escherich alieleza kijiti kimoja alichokiona katika kinyesi cha watoto wachanga, wazima kwa wagonjwa. Ndicho tunachokiita leo Escherichia coli, mkazi wa kawaida wa utumbo wa kila mmoja wetu. Miaka mitano kabla yake Karl Eberth alikuwa ameona kijiti cha taifodi, na mwaka 1884 Georg Gaffky alifaulu kukiotesha peke yake.

Vijiti hivyo viwili hutazamana chini ya hadubini kama pacha. Urefu wao unakaribiana, vyote huogelea, vyote huikataa rangi ya zambarau ya Gram. Kimoja huishi nasi tangu siku za kwanza za uhai wetu na aghalabu hakina neno, ingawa kikitoka utumboni kikaingia katika njia ya mkojo au katika damu huweza kuua. Kingine, katika miji ya wakati ule iliyokunywa maji ya mito iliyochanganyika na maji taka, kiliwaangamiza watu wasio na idadi. Mkaguzi wa maji aliyeona vijiti katika hadubini yake hakuweza kusema kama anatazama uchafu wa kawaida au msiba unaokuja. Sura haikusaidia kitu. Ilibidi wageni waulizwe wanakula nini.

Jibu lilipatikana katika sukari ya maziwa, laktosi. Escherichia coli ana kimeng'enya cha kuivunja sukari hiyo, akaitumia na kuacha asidi. Kijidudu cha taifodi hakina uwezo huo. Msomaji anayeumwa tumbo kila anywapo maziwa freshi ataelewa mara moja, kwa sababu watu wazima wengi duniani wamepungukiwa na kimeng'enya cha kazi iyo hiyo. Basi mweke kijidudu mbele ya laktosi pamoja na rangi inayogeuka penye asidi, kisha usubiri usiku mmoja. Rangi ikigeuka, umempata mmoja. Isipogeuka, mshuku mwingine.

Aliyeifanya njia hiyo kuwa ya kila siku alikuwa Mwingereza, Alfred Theodore MacConkey, aliyekuwa akifanya kazi Liverpool alipochapisha taarifa yake ya kwanza mwaka 1900, akaiboresha katika makala ya mwaka 1905 na ya 1908. Kwenye agari yake alitia laktosi, na akatia pia chumvi za nyongo. Hoja yake ilikuwa nyepesi na ya busara: kijidudu kilichozoea kuishi utumboni kimezoea nyongo, na ambacho hakikuizoea hakitaota. Sahani hiyo ikawa mlango wenye bawabu, unaowazuia wasiohusika kabla ya mahojiano kuanza. Wenzake walikuja kuongeza rangi nyekundu ya kuonyesha asidi. Asubuhi, vitone vya walaji wa laktosi huwa vya waridi iliyokolea, na vya wasioila hubaki vyeupe visivyo na rangi. Ule mstari wa karatasi ya shangazi ulitokana na sahani ya namna hii. Mtu fulani, asiyejulikana kwangu, alifunua kisahani asubuhi moja akaona waridi.

Katika zama hizo hizo aliishi bwana mwingine ambaye simulizi yake imenishughulisha kuliko zote, Herbert Durham. Mwaka 1898 alieleza kifaa kidogo mno: kijineli cha kioo kilichopinduliwa ndani ya kineli kikubwa chenye chakula cha vijidudu. Kijidudu kikila sukari na kutoa gesi, gesi hunaswa juu ya kile kijineli kama povu, na mtafiti huiona. Escherichia coli hutoa gesi. Kijidudu cha taifodi hula glukosi akaacha asidi bila gesi. Lilikuwa swali jingine la kumuuliza mgeni.

Lakini miaka miwili tu kabla yake, mwaka 1896, Durham huyo huyo, akiwa Vienna pamoja na Max Gruber, alikuwa amechangia kufungua njia tofauti kabisa. Walionyesha kwamba maji ya damu ya kiumbe aliyewahi kukutana na kijidudu fulani huvifanya vijidudu vya aina hiyo vigandamane. Mwaka huo huo Fernand Widal wa Paris akaligeuza jambo hilo kuwa kipimo cha taifodi, nacho kinaitwa kwa jina lake hadi leo. Kipimo cha Widal hakimtafuti mgeni. Humwuliza mwenyeji: je, umewahi kuonana na huyu? Mwenyeji naye hujibu kwa kumbukumbu zake. Huenda alionana naye miaka mitatu iliyopita, au alichanjwa, au alikutana na ndugu wa mgeni mwenye sura inayofanana. Damu yake itasema ndiyo, na hilo ndiyo halielezi ni nani aliyemo ndani ya nyumba usiku huu.

Njia zote mbili zilizaliwa karibu kwa wakati mmoja, na mtu mmoja alikuwa na mkono katika kila moja. Kumuuliza mwenyeji ni haraka na rahisi: tone la damu, tone la dawa, dakika chache. Kumuuliza mgeni kunahitaji shamba, joto, umeme usiokatika, mkono uliofunzwa, na subira ya siku mbili au tatu. Katika nchi zilizoweza kugharimia subira hiyo, Widal aliachwa taratibu. Kwetu amebaki. Ni yeye aliyetujengea ile sentensi tunayoisikia kwa simu kila mwaka, ya kwamba mtu ana malaria na taifodi kwa mpigo. Aliyeisema sentensi hiyo kwa shangazi hakuwa mzembe. Alikuwa na kipimo kimoja, akakitumia.

Turudi kwa wageni. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 maswali yaliongezeka mwaka hadi mwaka. Je, unaweza kuishi kwa sitrati peke yake? Je, ukila protini unaacha indoli, ile kemikali yenye harufu kali? Je, unavunja urea? Kila swali lilikuwa na kineli chake na rangi yake, na kijidudu kimoja kiliweza kuchukua rafu nzima ya vineli. Hakuna swali moja lililotosha, kwa sababu kila ukoo una watoto wasiofuata mila. Mpangilio wa majibu yote kwa pamoja ndio uliotosha, nao ndio tunaoweza kuuita wasifu wa umetaboli.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni moja ya Ufaransa iliibana rafu hiyo ikawa ukanda wa plastiki unaoenea kiganjani. Ukanda huo, uitwao API 20E, una vikombe 20 vidogo vyenye chakula kikavu cha namna mbalimbali. Mtaalamu hutia tone la vijidudu katika kila kikombe, akaulaza ukanda mahali pa joto usiku kucha, na asubuhi husoma rangi. Majibu hupangwa matatu matatu. Jibu la ndiyo hupewa thamani ya 1, 2 au 4 kulingana na nafasi yake, hujumlishwa, na pamoja na jaribio moja la nyongeza hupatikana nambari ya tarakimu saba. Nambari hiyo hutafutwa katika kitabu. Kwa mfano, 5144572 ni nambari mashuhuri ya Escherichia coli. Maisha yote ya kiumbe, anachokila na anachokikataa, yamegeuzwa kuwa kitu mfano wa nambari ya simu.

Mwaka 1982 maswali hayo yalitoka ndani ya kineli yakaingia katika mwili wa mtu. Katika mji wa Perth, Australia, Robin Warren alikuwa ameona vijidudu vilivyojipinda katika matumbo ya wagonjwa wa vidonda vya tumbo, naye kijana Barry Marshall akajaribu kuviotesha. Sahani zilitupwa moja baada ya nyingine, kwa kuwa desturi ilikuwa kungoja saa 48 tu. Sikukuu ya Pasaka ya mwaka huo zilisahauliwa mahali pa joto kwa siku kadhaa zaidi, na vijidudu vikaota. Mwaka 1984 Marshall alivinywa yeye mwenyewe ili kuthibitisha kwamba vinaleta maradhi. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005.

Kijidudu hicho, Helicobacter pylori, huvunja urea kwa kasi kubwa, na kwa njia hiyo hujilinda na asidi ya tumbo. Kutokana na tabia hiyo kilibuniwa kipimo cha pumzi. Mgonjwa hunywa urea ambayo kaboni yake imetiwa alama, akangoja takriban nusu saa, kisha hupuliza katika mfuko. Ikiwa mgeni yumo, ameshaila urea, na kaboni yenye alama hutoka na pumzi. Hakuna kisahani, hakuna usiku wa kungoja. Mgeni amehojiwa angali ndani ya nyumba, na harufu ya chakula chake ikatokea dirishani.

Kwa maradhi ya damu hakuna dirisha la namna hiyo. Vijidudu vilivyomo katika damu ya mgonjwa mahututi huweza kuwa vichache mno, pengine kimoja au viwili katika mililita nzima. Ni lazima vioteshwe kwanza katika chupa. Ni kweli kwamba mashine mpya zimekuja. Kutokana na kazi ya Franz Hillenkamp na Michael Karas nchini Ujerumani, na ya Koichi Tanaka wa Japani aliyepata sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 2002, hospitali tajiri leo hupiga kitone cha bakteria kwa leza, zikapima uzito wa protini zake, na kulitambua jina kwa dakika chache. Lakini kitone hicho ni lazima kiote kwanza, na jina peke yake halimwambii daktari ni dawa ipi itakayokiua kijidudu. Kungoja kumepunguzwa, hakujaondolewa.

Ndiyo maana ilinigusa kusoma kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Calgary nchini Kanada wamelirudia swali la Pasteur kwa vyombo vya leo. Mwaka 2022, katika jarida la Nature Communications, walieleza kipimo kinachotegemea upendeleo wa kijidudu katika chakula. Vijidudu vinavyotoka katika chupa ya damu hupewa mlo unaojulikana vizuri, huachwa vile kwa saa chache, kisha mashine hupima ni kemikali zipi zimepungua na zipi zimeongezeka. Hakuna rangi ya kungojewa igeuke. Mabaki ya mezani yenyewe ndiyo husomwa, chembe kwa chembe. Na dawa? Huwekwa pamoja na mlo. Kijidudu kinachouawa na dawa huacha kula, sahani ikabaki imejaa. Kilicho sugu huendelea kula kana kwamba hakuna kilichotokea. Katika mashindano na mashine iliyozoeleka hospitalini, kipimo hicho kilipunguza muda wa majibu kutoka saa 40 hadi chini ya 20.

Saa 20 ni nini? Swali hilo lina jibu, na jibu liko pwani yetu. Kuanzia Agosti 1998 hadi Julai 2002, katika hospitali ya wilaya ya Kilifi, watafiti waliotesha damu za watoto waliolazwa. Walichapisha matokeo mwaka 2005. Zaidi ya robo ya vifo vyote vya watoto hospitalini humo vilikuwa vya watoto wenye bakteria katika damu. Katika vifo 308 vya watoto hao, 103 vilitokea siku ile ile ya kulazwa, na 217 vilitokea ndani ya siku mbili. Kwa lugha nyingine, watoto saba katika kila kumi miongoni mwa waliofariki walikwisha kuondoka kabla au karibu na wakati ambapo kisahani kingeanza kusema.

Daktari wakati huo hakai bure. Hutoa dawa kwa kukisia, na ni haki yake, kwani kungoja ni kuua. Lakini kukisia kuna deni lake. Dawa pana hutolewa ambapo dawa finyu ingetosha, dawa isiyofaa hutolewa ambapo inayofaa imo kabatini, na vijidudu vinavyonusurika hujifunza. Uchambuzi wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2022 ulikadiria kwamba usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani katika mwaka 2019, na kwamba mzigo mzito zaidi uliangukia Afrika Kusini mwa Sahara. Mwaka huo huo wa 2022, utafiti uliohusisha nchi 14 za Afrika, zikiwamo Tanzania, Kenya na Uganda, ulionyesha kwamba kati ya maabara za tiba zipatazo 50,000, ni asilimia 1.3 tu zilizokuwa zikifanya vipimo vya bakteria.

Nilipoisoma tarakimu hiyo niliiweka kalamu chini. Katika maabara mia, moja. Siwezi tena kuishangilia mashine ya Calgary bila kuifikiria sahani ya MacConkey, ambayo imekuwapo tangu enzi za Mjerumani kutawala Tanga, yenye agari, nyongo, sukari ya maziwa na rangi kidogo. Kwa karne nzima na zaidi swali la mgeni anakula nini limekuwa miongoni mwa maswali ya bei nafuu katika sayansi ya tiba. Ghali ni vitu vilivyolizunguka: umeme wa usiku kucha, mshahara wa mtu wa kufunua kisahani asubuhi, chupa ya damu isiyokwisha stoo, na gari la kuifikisha sampuli mahali hapo. Kipimo kipya kitakapofika kwetu kitahitaji vitu hivyo hivyo, na zaidi.

Sidai kwamba shangazi angepona. Alikuwa na miaka 71 na kisukari, na alifika hospitali kubwa akiwa amechelewa. Maabara iliyootesha damu yake ilifanya kazi yake sawasawa, na ilikuwa katika ile moja ya mia. Ninachoweza kusema ni kile ambacho karatasi inasema. Dawa aliyomeza kwa siku tano ina herufi ya usugu kando yake. Mistari mitatu chini yake ipo dawa nyingine, ya zamani, isiyo ghali, yenye herufi ya kufaa. Siku ya kwanza ya homa, katika zahanati ile, hapakuwa na mtu wala chombo cha kumuuliza mgeni anakula nini, kwa hiyo akaulizwa mwenyeji, naye mwenyeji akajibu kama alivyokumbuka.

Hatimaye nilimpigia binamu yangu nikamsomea karatasi, mstari kwa mstari, kama alivyoniomba. Nilimweleza habari za maziwa, za pacha wawili, za rangi ya waridi. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza kama yule mtu wa maabara alikuwa anajua ni damu ya nani. Nikamwambia kwamba huenda aliona nambari tu.

Siku hizi kila akinipigia kuniambia kwamba fulani ana taifodi, huwahi kusema kabla sijamuuliza: "Hawajaotesha, kaka. Wamesema hapa hawaoteshi."